Ndimu imekwisha: limau, chungwa, siki, ukwaju au ndimu ya unga?

Kabla hujatafuta kibadala cha ndimu, jiulize imewekwa kwenye pishi hilo ifanye kazi gani. Matunda ya jamii hii yanaleta vitu vitatu jikoni: uchachu ulio kwenye maji yake, harufu iliyo kwenye mafuta ya ganda, na majimaji yenye sukari, iwe kidogo au nyingi. Hakuna kibadala kinacholeta vyote vitatu kwa kiasi kilekile. Siki ina uchachu, lakini harufu yake ni nyingine kabisa. Arki ya chupa ina harufu, haichachui hata kidogo. Juisi ya chungwa inavyo vyote, ila uchachu wake ni hafifu mno. Anayebadilisha kijiko kwa kijiko bila kujiuliza swali hilo ndiye anayetoa keki iliyokaa kama kiazi cha kuchemsha, au mchuzi wa samaki wenye utamu usioeleweka umetoka wapi.

Vipimo vya hapa: kijiko cha chai ni ml 5, kijiko cha chakula ml 15, kikombe ml 250. Vikombe vya nyumbani vinatofautiana sana, kwa hiyo chukua chupa ya maji ya nusu lita uimimine. Ikijaza vikombe viwili sawasawa, kikombe chako kinafaa.

Ndimu na limau

Sokoni majina yanachanganywa. Kariakoo au Buguruni ukiagiza "limao" unaweza kuletewa chochote kichachu. Kwa makala hii, ndimu ni ile ndogo ya mviringo, ganda jembamba na laini, kijani inayoelekea njano ikiiva sana, mbegu tele. Limau ni kubwa, ganda nene, mara nyingi lenye vinundu, na likiiva linakuwa la njano.

Kwa uchachu hawa ni ndugu wa tumbo moja. Lita moja ya maji yao ina gramu 45 hadi 50 hivi za asidi ya sitriki, kwa hiyo hapo unaweza kubadilisha kijiko kwa kijiko bila wasiwasi. Wanapotofautiana ni kwenye wingi na harufu. Ndimu ya kawaida inatoa kijiko kimoja na nusu hadi viwili vya chakula, limau la wastani vijiko vitatu. Ukubwa wa limau lenye ganda nene unadanganya: lipime kwa mkono, lililo zito ndilo lenye maji. Lile jepesi kama mpira unalipia ganda. Ndimu ngumu iviringishe mezani kwa kiganja ukiikandamiza, au iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, itakamulika vizuri zaidi.

Kwenye ganda ndipo ndimu inaposhindwa. Limau moja linatoa karibu kijiko kimoja cha chakula cha ganda lililokwaruzwa, ndimu moja inatoa kijiko cha chai tu, na hapo uwe na mkono mwepesi. Ganda la ndimu zetu ni jembamba kiasi kwamba ukipitisha kikwaruzo mara mbili mahali pamoja umeshafika kwenye weupe, na weupe ni uchungu. Keki inayotaka maganda ya malimau mawili itakudai ndimu sita. Kuna njia rahisi zaidi, nitaifikia kwenye keki.

Uchachu kwa uchachu

Jedwali hili linachukulia kwamba pishi linataka vijiko 2 vya chakula (ml 30) vya maji ya ndimu.

| Kibadala | Kiasi | Kinachobadilika |
|---|---|---|
| Maji ya limau | Vijiko 2 vya chakula | Harufu tu |
| Ndimu ya unga | Theluthi moja ya kijiko cha chai, kwenye vijiko 2 vya maji | Uchachu mtupu, hakuna harufu |
| Siki nyeupe ya asilimia 5 | Kwenye kuoka vijiko 2. Kwenye mchuzi na saladi anza na kijiko 1 | Inapiga puani |
| Maji ya ukwaju (gramu 50 kwa ml 150 za maji) | Vijiko 2, kisha onja | Rangi ya kahawia, uzito, utamu kidogo |
| Maji ya balungi | Vijiko 4 au zaidi | Uchungu, na majimaji yanaongezeka |
| Juisi ya chungwa | Ingehitaji karibu vijiko 10 | Sukari na maji mengi. Haifai peke yake |

Ndimu ya unga ndiyo hiyo asidi ya sitriki, ile inayowekwa kwenye ubuyu wa rangi. Maduka ya viungo Kariakoo na Kisutu huiuza kwenye vipakiti vidogo. Kipimo rahisi cha kukumbuka: kijiko kimoja cha chai (gramu 5 hivi) kwenye ml 100 za maji kinakupa kimiminika chenye uchachu wa ndimu. Watu wengi huharibu kwa kuinyunyiza kavu. Mchuzi unachachuka sehemu moja na kupooza sehemu nyingine, au chembe inabaki kwenye kachumbari na anayeitafuna anafumba jicho moja. Iyeyushe kwanza. Kwa unyevu wa Dar inaganda donge haraka, kwa hiyo iweke kwenye kopo linalofunga kweli, na liandike jina. Ikikaa karibu na chumvi, siku moja utaichota kwa makosa.

Siki inahitaji maelezo kidogo kwa sababu ni kibadala ambacho watu wanakiogopa mahali kisipotisha na kukiamini mahali kinapoharibu. Ukihesabu asidi peke yake, siki ya asilimia 5 na maji ya ndimu yanalingana karibu sawa, kijiko kwa kijiko, katika kuamsha beking soda. Lakini asidi ya siki inaruka na mvuke, ndiyo maana unaisikia puani kabla haijagusa ulimi. Kwenye keki inayokaa jikoni dakika arobaini, sehemu kubwa ya harufu hiyo inaondoka. Kwenye kachumbari haina pa kwenda. Kwa hiyo kwenye chakula kisichopikwa anza na nusu ya kipimo na punje chache za sukari, kisha onja.

Ukwaju uutengeneze mzito. Chukua gramu 50 za ukwaju, donge la ukubwa wa yai dogo, mimina ml 150 za maji ya moto, acha dakika 20. Kamua kwa vidole mpaka nyuzi na kokwa zibaki tupu, kisha pitisha kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Ukiukamua kwa haraka maji yakiwa bado meupe, uchachu mwingi unabaki kwenye nyuzi, na ndipo mtu anasema ukwaju wake hauna nguvu. Asidi yake kuu ni ya tartariki, haina harufu ya kuruka, na haipungui hata mchuzi ukichemka muda mrefu.

Samaki, nyama na tui

Shombo la samaki linatokana na kemikali yenye kuruka, trimethylamini, inayoongezeka kadiri samaki anavyokaa. Kitu kichachu huigeuza kuwa aina ya chumvi isiyoruka, pua ikaacha kuisikia. Maana yake ni kwamba kazi hii inafanywa na asidi yoyote. Kuosha samaki wa soko la Feri kwa ndimu wakati ndimu zimepanda bei ni anasa: kijiko kimoja au viwili vya siki kwenye maji ya kuoshea vinatosha kwa kilo, kisha unasuuza. Ndimu iache ya kukamulia mezani, inakoonekana thamani yake.

Kwenye kuroweka nyama, hesabu ni ya muda zaidi kuliko ya tunda. Kilo ya nyama ya mishkaki inataka vijiko 3 vya chakula vya maji ya ndimu au limau, saa 2 hadi 4. Ikilala usiku kucha, uchachu unakaza protini za nje, nyama inatema maji, na ukiiweka kwenye mkaa inakuwa na tabaka la nje linalotafunika kama chaki. Samaki anatosheka na dakika 15 hadi 30. Siki weka kijiko kimoja na nusu na uongeze maji kidogo. Mtindi, nusu kikombe kwa kilo, ni mpole kuliko vyote na ndio pekee ninaoweza kuulaza na nyama hadi asubuhi bila hofu, mradi uwe kwenye friji. Papai bichi usiliweke kwenye kundi hili. Lenyewe linalainisha kwa kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, halichachui, na likizidi nyama inakuwa uji. Ndimu na papai zinafanya kazi mbili tofauti, kwa hiyo kukosa ndimu si sababu ya kuongeza papai.

Tui ndilo linalowatoa watu jasho. Tui zito likichemka na kitu kichachu linakatika: mafuta juu, maji chini, chembe nyeupe katikati. Kubadilisha ndimu kwa siki au ndimu ya unga hakukuokoi, maana kinacholikata ni uchachu pamoja na moto, haidhuru umetoka kwa nani. Kinachookoa ni utaratibu. Pika mchuzi mpaka samaki aive, punguza moto mpaka mapovu yaishe, chota upawa mmoja wa tui la moto, changanya na ndimu au ukwaju pembeni, kisha rudisha ukikoroga kwa upande mmoja, na epua. Likishakatika, halirudi kwa kuongeza maji. Ongeza tui bichi zito robo kikombe nje ya moto na ukoroge, litajificha kwa kiasi fulani.

Kwa samaki wa kupaka, ukwaju ni kibadala kizuri kuliko asili, kwa maoni yangu. Unashika kwenye samaki, unapendeza ukiungua kidogo kwenye mkaa, na hauachi uchungu. Maji ya ndimu yakipakwa kwenye samaki aliye juu ya moto mkali, harufu yake nzuri inaondoka dakika za mwanzo na kinachobaki ni ukali mtupu.

Embe bichi ni njia ya polepole: moja la wastani, limekatwa vipande, linaingia mchuzi ukiwa bado unachemka na linachachua kilo moja ya samaki au dagaa. Usiweke ndimu mpaka uonje mwisho. Mbirimbi nne hadi sita zilizokatwa vipande zinafanya vivyo hivyo. Zina asidi ya oksaliki nyingi, kwa hiyo mwenye matatizo ya figo aziache, na hakuna anayepaswa kunywa juisi yake kwa vikombe.

Supu ya asubuhi na kachumbari sina kibadala cha kukupa ninachokiamini, isipokuwa limau. Pale unahitaji harufu ya ndimu iliyokamuliwa sasa hivi, ile inayopanda na mvuke wa bakuli. Ndimu ya unga kwenye supu ya mbuzi inachachua na kunyamaza.

Jambo moja la chombo kabla ya kwenda kwenye keki. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na kitu kichachu kikichemka humo muda mrefu kinatoa ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Mchuzi wa ukwaju wa nusu saa haukuonyeshi sana. Krimu ya limau yenye mayai itakuonyesha waziwazi, inageuka kijivu cha kijani. Tumia chuma cha pua au sufuria iliyopakwa rangi ya kauri ambayo haijabanduka.

Keki na vitu vya kuoka

Hapa lazima utenganishe mambo matatu: asidi ya kuamsha beking soda, harufu, na maji.

Pishi likiwa na beking soda, tunda limewekwa liiamshe. Nusu kijiko cha chai cha beking soda kinamalizwa na vijiko viwili na nusu vya chakula vya maji ya ndimu au limau, au kiasi hichohicho cha siki, au kikombe kimoja cha mtindi, au karibu kikombe kizima cha juisi ya chungwa. Ukitoa ndimu na kuweka chungwa kijiko kwa kijiko, soda inabaki bila kazi. Utaijua: keki ina rangi ya kahawia iliyozidi, na mdomoni kuna ladha ya sabuni. Kinyume chake, pishi likiwa na beking pauda tu, asidi yake imo tayari ndani ya pauda. Ndimu ya ziada inaiamsha mapema, kwa hiyo ukishamimina, usiuache mchanganyiko mezani ukihangaika na jiko. Ingiza ndani ya dakika chache.

Maji ya ndimu na maziwa: weka kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu kwenye kikombe, jaza maziwa, subiri dakika 5 hadi 10. Yataganda kidogo, na hiyo ndiyo inayotakiwa kila unapoona pishi linaagiza maziwa yaliyochachuka. Siki inafanya vilevile. Mtindi uliopunguzwa kwa maji kidogo ni bora kuliko vyote viwili na hauhitaji kusubiri.

Sasa harufu. Kosa la kawaida kwenye keki ya limau ni kujaribu kupata harufu kwa kuongeza juisi. Juisi ina uchachu, harufu yake kidogo inaishia kwenye oveni, na majimaji yake yanaizamisha keki. Kwa keki ya gramu 250 za unga, sukari na siagi kiasi hichohicho, mayai 4 na vijiko 2 vya chai vya beking pauda, usizidishe vijiko 2 vya chakula vya juisi, na upunguze maziwa kwa kiasi hichohicho. Harufu itoke kwenye ganda: kwaruza malimau mawili juu ya sukari yenyewe, kisha sugua kwa ncha za vidole dakika mbili au tatu. Chembe za sukari zinapasua vifuko vya mafuta. Sukari inalowa kama mchanga wa pwani maji yakiwa yametoka kurudi, inageuka rangi, na chumba kizima kinanukia. Hapo ndipo unaipiga na siagi. Ganda hilohilo likitupwa kwenye unga mwishoni linatoa nusu ya harufu hiyo.

Huna limau, una mchaichai? Umeokoka. Harufu tunayoiita ya limau inatokana hasa na kemikali iitwayo sitrali. Kwenye mafuta ya ganda la limau sitrali ni asilimia chache tu, kwenye mafuta ya mchaichai ni sehemu kubwa zaidi ya nusu. Sitrali inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo usiuchemshe kama chai. Chukua mabua matatu, tumia sehemu ya chini nyeupe na ya kijani kibichi, yaponde kwa mchi mpaka yapasuke, yaweke kwenye siagi ya keki hiyo na uiyeyushe kwa moto mdogo dakika kumi bila kuikaanga. Epua, funika nusu saa, chuja ukikamua, kisha acha siagi igande tena iwe laini kabla ya kuipiga na sukari. Ukiipiga ikiwa bado mafuta, haitashika hewa na keki itakuwa fupi. Ongeza kijiko kimoja cha maji ya ndimu kwenye mchanganyiko ili ulimi nao upate habari, maana mchaichai unanukia limau lakini hauchachui.

Ganda la chungwa nalo linachukua nafasi ya la limau kiasi kwa kiasi, ila keki inakuwa ya chungwa, usijidanganye. Ganda kavu ni kali zaidi: kijiko kimoja cha chai kwa kila kijiko cha chakula cha ganda bichi, na lisagwe laini, la sivyo linatafunika kama kucha. Majani machanga ya mlimau, matano au sita yaliyokunjwakunjwa na kulowekwa kwenye maziwa ya moto robo saa, yanatoa harufu ya kijani inayofaa zaidi kwenye kastadi na wali wa sukari kuliko kwenye keki.

Ukitaka keki yenye kuchachua kweli, uchachu uingie baada ya kuoka. Chemsha kidogo tu ml 60 za maji ya ndimu na gramu 60 za sukari, keki ikitoka itoboe kwa kijiti kila sentimita mbili, mwagia ikiwa ya moto. Kibadala hapa ni theluthi mbili ya kijiko cha chai cha ndimu ya unga kwenye vijiko 4 vya maji pamoja na sukari ileile na ganda lolote ulilonalo. Na ujue kwamba mchanganyiko mchachu haubadiliki rangi haraka. Ukisubiri keki ya ndimu iwe kahawia kama ya vanila utaikausha. Amini kijiti, usiamini rangi.

Chungwa, na kulikosa

Machungwa yetu mengi, ya Muheza kwa mfano, yanaiva yakiwa kijani, kwa sababu usiku wa joto hauvunji rangi ya kijani ya ganda kama usiku wa baridi unavyofanya. Ndani ni matamu na ganda lake linafaa kabisa kukwaruzwa. Linatoa vipande vya kijani kwenye keki, basi. Machungwa ya rangi yaliyosafirishwa kutoka mbali mara nyingi yamepakwa nta, yasugue kwa maji ya moto na brashi kabla ya kukwaruza.

Kikombe cha juisi ya chungwa kina gramu 2 na kidogo za asidi na gramu 20 hadi 25 za sukari. Kwa hiyo ukiikosa, weka vijiko 3 vya chakula vya maji ya ndimu, vijiko 2 vya chakula vya sukari, na ujaze maji mpaka kikombe. Uchachu na utamu vitalingana, soda itafanya kazi, na harufu utaileta kwa ganda au matone ya arki. Maji ya machenza yanaingia kikombe kwa kikombe, punguza sukari kidogo. Danzi, lile chungwa kali, ukiagizwa na hulipati, changanya sehemu 2 za chungwa na 1 ya ndimu.

Ukitaka ladha ya chungwa kwenye krimu au aisingi bila maji mengi, chemsha kikombe kizima taratibu kibaki robo. Usikipeleke mbali zaidi, sukari itaanza kuungua na ladha itakuwa ya peremende ya kikohozi. Juisi ya chungwa iliyokaa saa kadhaa baada ya kukamuliwa huanza kuwa chungu, ndimu pia. Kamua unapoihitaji.

Balungi lina uchungu wake wa asili, kwa hiyo kwenye keki halinipendezi. Kwenye saladi ya pweza linafaa. Lakini linaingiliana na baadhi ya dawa, zikiwemo za shinikizo la damu na za kolesteroli, basi usilibadilishe kimyakimya kwenye chakula cha wageni.

Skwashi ya chungwa si juisi. Ni sukari, asidi, rangi na harufu. Ukiiweka badala ya juisi punguza sukari ya pishi, na usitegemee chochote zaidi ya rangi.

Shira na jemu

Kwenye shira ya kaimati, ndimu haijawekwa kwa ladha. Asidi inavunja sehemu ya sukari kuwa aina mbili ndogo zaidi, na mchanganyiko huo hauwezi kujipanga upya kuwa chembe, kwa hiyo shira haigandi punjepunje. Kwa vikombe 2 vya sukari na kimoja cha maji, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kinatosha. Hapa kila kibadala kichachu kinafaa: siki kijiko kimoja cha chai (harufu inaondoka kwa kuchemka) au ndimu ya unga chembe za kati ya vidole viwili. Weka mwanzoni, sukari ikianza kuyeyuka. Ukiweka mwishoni umechelewa. Visheti ni kisa kingine: vile vinavyotakiwa kuwa na ganda jeupe la sukari kavu, usiweke ndimu kabisa, maana unataka igande.

Jemu ya embe au nanasi inataka vijiko 2 vya chakula vya maji ya ndimu kwa kilo ya matunda, kwa sababu pektini, kile kitu cha ndani ya matunda kinachoifanya jemu igande, haishiki bila uchachu wa kutosha. Ndimu ya unga, theluthi moja ya kijiko cha chai, inafaa sawasawa. Ukwaju unaichafua rangi. Mbegu na weupe wa limau vifunge kwenye kitambaa uvichemshe humo humo, vina pektini nyingi. Hapo ndipo limau linaishinda ndimu bila ubishi.

Arki za chupa

Chupa ndogo za limau na chungwa za dukani zinatofautiana nguvu sana, kwa hiyo kipimo ni cha kuanzia tu: nusu kijiko cha chai badala ya kijiko kimoja cha chai cha ganda. Kwenye keki nenda mpaka kijiko kimoja cha chai kwa gramu 500 za unga. Kwenye aisingi, ambayo haiendi motoni, matone matatu manne kwa gramu 120 za sukari ya unga, kisha onja. Ikizidi inanukia sabuni ya vyombo na hakuna cha kuiondoa zaidi ya kuongeza sukari nyingine. Mafuta halisi ya ganda, yakiandikwa kuwa ni ya chakula, ni makali mara kadhaa zaidi. Pima kwa tone. Mafuta ya kunukia ya dukani yasiyoandikwa hivyo hayaingii jikoni.

Arki peke yake inatoa keki inayonukia limau na kuonja sukari. Ichanganye na kijiko cha maji ya ndimu au chembe ya ndimu ya unga, tofauti utaiona kwenye kipande cha kwanza.

Kipindi ndimu zinapouzwa fungu kubwa kwa bei ndogo, kwaruza ganda kwanza, kisha kamua. Ndimu iliyokwisha kukamuliwa haikwaruziki, inakunjika chini ya mkono. Mimina maji kwenye trei ya barafu, kila tundu vijiko viwili vya chakula, yakiganda yahamishie kwenye mfuko na uyatumie ndani ya miezi mitatu. Ganda liweke mfuko wake, limebanwa kuwa bapa ili uvunje kipande unachotaka. Umeme ukikatika siku nzima na barafu ikayeyuka, maji hayo bado yanafaa kwa mchuzi na kuroweka nyama siku hiyohiyo, ila ya kukamulia kwenye supu nunua mpya.